Iache Filta Ishike

Hapa Nangwa wananiita mama wa kuosha maji. Jina lilianza wiki yangu ya kwanza kazini, nilipogeuza mpini wa filta nyuma ya nyumba ya Mwalimu na maji ya rangi ya ugoro yakaruka kwenye mfereji, wakati kina mama wanapita wakitoka kuvuna mbaazi. Mmoja akasimama kuniuliza ninafanya nini. Nikamjibu ukweli, kwamba naosha mchanga unaoosha maji. Alicheka mpaka ikabidi atue mzigo wake. Alitaka kujua, kama maji nayo yanachafuka mpaka yaoshwe, hayo ya kuyaoshea yanaoshwa na nani. Nikamwambia yanaoshwa na mimi. Jina likakaa, na sijawahi kulikataa, maana ni la kweli na sina wa kugombania naye.

Kazi yangu naijua. Nilijifunza kwa mikono katika hoteli moja ya watalii upande wa Karatu, nikianza na wavu wa kuokotea majani mpaka nikaachiwa chumba cha pampu peke yangu. Nikisimama mlangoni nasikia kama pampu inavuta maji au inavuta hewa. Nikigusa bomba najua kama mchanga umejaa. Watu wa vyeti walikuja pale wakasoma vitabu vya mashine, nami nikawatengenezea chai huku nikingoja wamalize ili niende kurekebisha. Sijisifu. Au najisifu kidogo, sioni ubaya.

Mwalimu ni mwanamke mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wazima wa kata hii kusoma. Marehemu mumewe alikuwa mchimbaji wa visima, na alipostaafu akachimba kisima cha mwisho nyumbani kwake, kisha akajenga bwawa la kuogelea, hatua kumi na mbili kwa urefu, maji ya kiuno upande mmoja na ya kifua upande wa pili. Watu walidhani amechanganyikiwa. Alipofariki, bwawa likawa la vyura. Halafu Mwalimu akapata kiharusi kilichomwacha na mguu wa kushoto usiosikia amri. Mtaalamu wa viungo alimwambia ajaribu kutembea ndani ya maji, kwa sababu maji yanambeba mtu bila kumwonea huruma. Ndipo nikaitwa mimi.

Kijana wake mkubwa, anayeishi Arusha, alikubali kwa masharti. Tangu mama yake augue alitaka kumchukua akakae naye mjini, ghorofa ya tatu, bwawa lifukiwe na nyumba ipangishwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwana anayelala na simu kifuani akiogopa kuambiwa mama ameanguka. Lakini Mwalimu alikuwa ameniambia siku ya kwanza, akiwa ameshika ukingo wa bwawa: akitolewa katika nyumba hii atakuwa mgonjwa, na akiwa humu ni mtu anayejifunza kutembea. Basi nilijua naosha maji kwa ajili ya nini.

Filta yenyewe ni pipa nene la plastiki linalonifika kifuani, limejaa mchanga. Pampu inavuta maji kutoka bwawani, yanapita kwanza kwenye kikapu kidogo kinachozuia majani na mende, kisha yanasukumwa juu ya mchanga. Mchanga unakamata uchafu, maji yanatokea chini yakiwa safi na kurudi bwawani. Uchafu ukizidi, mshale wa geji ya presha unapanda. Hapo unazima pampu, unageuza mpini, unawasha tena, na maji yanapita kinyume, kutoka chini kwenda juu, yakiupepeta mchanga na kutoa uchafu nje. Ukigeuza mpini pampu ikiwa inazunguka, utanunua mpini mwingine. Hiyo ndiyo elimu yote, iliyobaki ni subira, na subira ndiyo nisiyopewa.

Nilipolifungua pipa mara ya kwanza nilikuta mchanga umekuwa jiwe. Maji ya kisima chetu yana chumvi zake, na yalikuwa yamekaa humo miaka bila mtu. Niliugonga kwa tindo siku mbili, nikiutoa kwa kikombe. Fundi mmoja wa ujenzi akanishauri nijaze mchanga wa korongoni, upo wa bure. Nilichukua chupa, nikatia mchanga wake na maji, nikatikisa, nikamwekea mezani. Maji yakawa kama uji mpaka kesho yake. Nilimwachia ile chupa aitazame. Mchanga wa kweli ulikuja kwa basi kutoka Arusha, kwenye viroba, na kondakta alinitazama kama mtu aliyeagiza upepo.

Kiangazi hicho mama yangu alikuja kukaa nami kwenye chumba changu cha uani. Sisi ni watu wa ng'ombe, kwetu ni Getanuwas, na kaka zangu walikuwa wamehamia mbali na mifugo kufuata majani. Magoti ya mama hayakuziweza tena safari hizo. Alifika na shuka zake, bangili zake za shaba na vibuyu vitatu vya maziwa. Mwalimu, ambaye watu wazima wenye mvi humwamkia yeye, alijikaza akainuka kidogo kwenye kiti na kumwamkia mama shikamoo. Mama akaitikia, akakaa, na kuanzia hapo wakawa wanashinda pamoja barazani, mmoja na Kiswahili cha darasani, mwingine na Kiswahili cha mnadani.

Mama aliikubali nyumba ila hakuikubali filta. Kwanza, siku aliponiona nafungulia maji mferejini wakati wa kiangazi, alisimama kama mtu anayetazama ng'ombe akichinjwa bila sababu. Ilibidi nichimbe shimo na kulitandika turubai, maji yale yakae juani siku kadhaa mpaka harufu ya dawa iishe, halafu yaende kwenye migomba. Pili, ile harufu yenyewe. Alisema Mwalimu akitoka majini ananuka sindano. Chombo chochote kinachonuka, kwake yeye, ni chombo ambacho mwenye nacho ni mvivu.

Hapa lazima nieleze kibuyu. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi tu kwa maji. Unachoma kijiti cha mti wenye harufu nzuri, unakiingiza kikiwa kaa jekundu, unasugua ndani mpaka ukuta wa kibuyu uvae unga mweusi. Maziwa hukaa humo bila kuharibika na hupata ladha. Kibuyu kipya hakiaminiki. Maziwa yake ya kwanza hutoka na weusi, na msichana mjinga, yaani mimi nikiwa na miaka minane, hukimbilia kukisuuza ili kiwe safi, kisha anaanza upya. Mama alinichapa kwa hilo. Kibuyu kinatakiwa kuachwa mpaka kishike. Neno lake lilikuwa hilo, hata kwa Kiswahili: kimeshika, hakijashika, kiache kishike.

Jumanne moja kijana wa Mwalimu akapiga simu. Alisema anakuja Jumapili, na kwamba ameshaongea na mwenye lori la kifusi pale Katesh. Kama ataona mama yake ana nafuu na maji ni safi, mambo yabaki yalivyo. Kama hataona, lori litakuja Jumatatu na yeye ataondoka na mama. Mwalimu alirudisha simu mezani na kunitazama. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumapili kijana wake ataweza kuhesabu vidole vya miguu yake akiwa kwenye maji ya kifua. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na nilikuwa nina uhakika.

Kuanzia hapo nikaanza kuosha. Upepo wa kiangazi unaleta vumbi la mbugani, jepesi kama unga wa muhogo, na mimi sikutaka kuona hata chembe. Nikauosha mchanga Jumatano asubuhi na jioni. Alhamisi vilevile. Mshale wa geji ulikuwa chini kabisa na mimi nikaufurahia kama cheti cha darasani. Baraza nalo, lile la vigae vyeupe kati ya ngazi za bwawa na kiti cha Mwalimu, nililipiga deki kila alipopita. Akitoka majini, namshika mkono mmoja, mwingine una fimbo, namkalisha, narudi na tambara kufuta maji nyuma yake ili asiteleze. Sikuacha tone.

Ijumaa nilizima pampu asubuhi, nikauosha mchanga tena, nikaiacha pampu imezimwa na kwenda Katesh kununua dawa ya maji. Nilimwomba Mwalimu abonyeze swichi ya pampu saa nne. Niliporudi mchana niliwakuta wote wawili barazani wakitazama bwawa. Maji yalikuwa meusi. Sio kijani, sio tope, rangi hizo nazijua na nina dawa zake. Meusi, ya masizi, yakitoka kwenye tundu la kurudishia maji kama moshi.

Nilikimbilia chumba cha pampu, nikazima, nikafungua mfuniko wa kile kikapu cha majani. Kilikuwa kimesuguliwa ndani na nje kwa unga wa mkaa. Ulionukia vizuri sana.

Mama alikuwa amenifuata polepole na magoti yake. Hakujificha. Aliniambia kwa lugha yetu kwamba chombo kilikuwa kinanuka, kwamba mimi nimeishi kwa watu mpaka nimesahau kutunza vyombo, na kwamba ametumia kijiti chake cha mwisho alichotoka nacho nyumbani. Alikiacha kipoe kwanza, akakisaga, akasugua kila mahali mkono ulipofika, na ulipobaki unga mwingi akaumwaga humo humo. Alisema yote hayo akingoja nimshukuru.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Mama yako huwezi kumfokea, na Mwalimu alikuwa anasikia. Nilishika mpini nikataka kuuosha ule mchanga mara tatu, mara nne, mpaka usiku uingie. Mkono ukiwa pale juu ya mpini, jambo likanijia ambalo lilinichoma kuliko mkaa. Unga ule ulikuwa umepita kwenye mchanga. Mkaa uliosagwa kwa mawe, hata uwe laini, filta nzuri inaukamata karibu wote. Ya kwangu iliuachia kwa sababu nilikuwa nimeiosha ikabaki tupu. Mchanga safi kupita kiasi una nafasi kati ya punje na punje, na vumbi jepesi linapita. Uchafu wa kwanza ndio unaoziba zile nafasi na kuufanya mchanga ukamate unaofuata. Hilo nilifundishwa siku nyingi Karatu, nami nikawafundisha wengine. Mama alikosea kwa kutojua. Mimi nilikosea huku najua, kwa sababu ya kiburi na mshale wa geji.

Mama akautazama mkono wangu kwenye mpini. Akasema, safari hii kwa Kiswahili ili na Mwalimu asikie:

"Wewe unataka kuosha tena. Hata ukiwa mtoto ulikuwa hivyo. Iache. Iache ishike."

Nikauachia mpini. Nikasafisha kikapu tu, nikafunga, nikawasha pampu kwenye njia yake ya kawaida, nikatoka nje.

Jumamosi ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizofanya kazi. Pampu ilizunguka, mshale ukapanda kidogo, ukapanda tena. Kila ulipopanda mkono uliniwasha. Ulikuwa bado mbali na alama nyekundu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuosha ila tabia yangu. Mama alivua shuka moja akaifunika ile geji, akaketi mbele ya mlango wa chumba cha pampu akifuma shanga. Nikamwambia nataka kuingia kuangalia tu. Akaniuliza kama nina macho kwenye mikono.

Maji yalitoka kwenye weusi yakawa ya majivu. Jioni yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Chini, kwenye sakafu ya bwawa, masizi yalikuwa yametulia utando mwembamba. Ningeweza kuyafyonza na kuyamwaga nje moja kwa moja, lakini bwawa lingeshuka mpaka magotini, na kisima kwa kiangazi kile kisingelijaza kabla ya wiki. Nikaliacha na hilo. Nililala kwa hofu. Mwalimu hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu nilimwahidi mimi.

Jumapili kijana alifika baada ya ibada, bado na koti. Alimwamkia mama yake, akamwamkia mama yangu, akanisalimia mimi, "Dada, habari za kazi," kisha akaenda ukingoni. Maji yalikuwa yanapitisha macho, hilo naliapia, vigae vya chini vilionekana upande wa kina. Ila vilionekana na kivuli, kama dirisha ambalo mtu amelipumulia.

Alisema hawezi kumwacha mama yake aingie kwenye maji ya namna ile. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Nikaeleza mkaa, nikaeleza mchanga, nikasikia sauti yangu ikiongea haraka kama ya mtu aliyefumaniwa. Dawa nilishapima, ilikuwa sawa, ule ulikuwa weusi wa mkaa tu na usingemdhuru mtu. Akatikisa kichwa. Akatoa simu.

Mwalimu akasema, "Kaa chini. Kabla hujajua kusoma, mimi nilikuwa nasoma. Nikimaliza utaongea."

Alikaa. Mwanaume mzima mwenye koti alikaa kwenye kigoda cha mama yangu.

Nilimshusha Mwalimu kwa ngazi. Alitembea bwawani kama kila siku, kwenda na kurudi, mkono mmoja ukielea juu ya maji. Mle ndani alitembea vizuri, lakini kijana aliona kichwa na mabega tu, na mtu yeyote anaweza kutembeza mabega. Nilimwona anatazama saa. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kufungasha vitu.

Mwalimu alipotoka majini alikataa mkono wangu. Hakuwahi kufanya hivyo. Akashika fimbo na kuvuka baraza peke yake, polepole, mimi nyuma yake nimetanua mikono kama mtu anayefuata mtoto anayeanza kusimama. Alifika, akakaa, akahema. Mimi, kwa mazoea, nikainama kuchukua tambara.

Kwenye vigae vyeupe kulikuwa na nyayo. Masizi ya sakafu ya bwawa yalikuwa yamemshika kwenye unyayo, na kila alipokanyaga aliacha alama ya kijivu. Nyayo za kulia, hizo tulizitegemea. Lakini za kushoto nazo zilikuwepo, kila moja peke yake, kisigino na vidole vitano, na kati ya moja na nyingine kigae kitupu. Miezi yote ile tulijua mguu ule unaburuta. Kijana alijua, Mwalimu mwenyewe alijua, mimi nilijua. Sijui uliacha kuburuta lini, kwa sababu kila siku mimi nilikuwa nyuma yake na tambara nikifuta.

Kijana aliinuka kwenye kigoda, akaja akachuchumaa. Aliweka kidole kwenye kile kigae kitupu, akakitazama kidole kama kuna kitu kitatoka. Akafuata unyayo kwa unyayo mpaka kwenye miguu ya kiti.

"Mama," akasema, "huu mguu unainuka."

Mwalimu alijigeuza kwenye kiti kutazama alikotoka. Alihesabu kwa midomo, bila sauti, zile za kushoto peke yake. Zilikuwa saba. Halafu akalia, mwalimu yule ambaye watu wazima wanamwogopa mpaka leo, akalia wazi bila kujifuta, na mwanawe akakaa chini kwenye vigae na suruali yake ya ibada.

Mimi nilikuwa nimesimama na tambara linachuruzika. Sikujua nifanye nini na mikono, na mikono yangu ikikosa la kufanya huosha. Nilikuwa nimeshainama mama yangu aliponishika kifundo cha mkono.

"Iache," akasema.

Kijana alimpigia mwenye lori palepale, na nilimsikia akiomba radhi kwa usumbufu. Nyayo zile zilikaa barazani mpaka Alhamisi. Kila asubuhi nikienda kuwasha pampu nilizivuka kwa kuziruka, nisije nikazikanyaga.